Vyuo vikuu na maabara katika utafiti wa muunganiko wa nyuklia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi, wahadhiri na wahandisi wanaotaka kujua jinsi kazi hii inavyoendeshwa: nani anatengeneza nini, nani anapata muda kwenye mashine, na mambo huharibikia wapi. Mifano mingi inatoka Ulaya na Japani kwa sababu huko ndiko ushirikiano wa aina hii umefanyika kwa muda mrefu zaidi.

Muunganiko wa nyuklia una tofauti gani na mitambo ya nyuklia iliyopo?

Mitambo iliyopo hupasua viini vizito vya urani. Muunganiko ni kinyume chake: viini viwili vyepesi hulazimishwa kuwa kimoja. Mchanganyiko ulio rahisi kuwashwa ni wa deuteriamu na tritiamu, aina mbili nzito za hidrojeni. Vikiungana hutoa kiini cha heliamu chenye nishati ya MeV 3.5 (MeV ni kizio cha nishati ya chembe ndogo) na nyutroni moja yenye MeV 14.1. Nyutroni hiyo ndiyo itakayobeba joto la kuchemshia maji, na ni hiyo hiyo inayochakaza kuta za mtambo.

Ili viini vikaribiane, gesi hupashwa moto mpaka iwe plazima, yaani gesi ambayo elektroni zimeachana na viini, ya takriban nyuzi milioni 150. Hakuna chuma kinachoweza kuishika, kwa hiyo hushikiliwa na uga wa sumaku ndani ya chombo cha ombwe (kilichoondolewa hewa) chenye umbo la tyubu ya tairi. Mashine ya namna hiyo inayopitisha mkondo mkubwa wa umeme ndani ya plazima yenyewe huitwa tokamaki. Ile inayotegemea koili zilizopindwa, bila mkondo huo, ni stelareta.

Kwa nini nchi moja tajiri isiifanye kazi hii peke yake?

Jibu la kwanza ni gharama, nalo linajulikana. La pili halisemwi sana, ingawa kisayansi ndilo lenye uzito zaidi: mashine moja haiwezi kukuambia mashine kubwa zaidi itafanyaje. Plazima hupoteza joto kwa msukosuko mdogo mdogo ambao bado hatuwezi kuukokotoa kikamilifu kwa kanuni za msingi. Njia iliyotumika ni kukusanya vipimo kutoka tokamaki nyingi za ukubwa tofauti, kisha kutafuta mlinganyo unaozipitia zote. Mlinganyo unaotajwa kila mahali, IPB98(y,2), ulipatikana hivyo, na makadirio ya ITER, tokamaki kubwa ya kimataifa inayojengwa Ufaransa, yameegemea hapo. Kama maabara zingeficha vipimo vyao, ukubwa wa ITER ungekuwa wa kubahatisha.

Ushirikiano huu ulianza lini?

Hadi katikati ya miaka ya 1950 utafiti huu ulikuwa siri za kijeshi. Mwaka 1958, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Geneva kuhusu matumizi ya amani ya atomu, Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti zilifungua majalada yao.

Tukio lililojenga imani lilikuja miaka kumi baadaye. Mwaka 1968 Wasovieti walitangaza kwamba tokamaki yao ya T-3, katika Taasisi ya Kurchatov jijini Moscow, imefikia takriban nyuzi milioni 10. Wengi Magharibi hawakuamini. Lev Artsimovich aliyeongoza kazi hiyo akawaalika Waingereza wa maabara ya Culham waje na kipimo chao wenyewe. Walikwenda na leza na vifaa vya tani kadhaa, wakarusha mwanga ndani ya plazima na kupima jinsi elektroni zilivyoutawanya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1969 yalithibitisha madai ya Wasovieti, na maabara nyingi duniani zikageukia tokamaki. Hayo yalitokea katikati ya Vita Baridi. Mpaka leo kipimo cha mgeni kwenye mashine ya mwenyeji kina uzito ambao kipimo cha mwenyeji peke yake hakina.

EUROfusion ni nini, na chuo kikuu kinaingiaje?

Ni ushirika wa maabara za Ulaya ulioanza mwaka 2014. Mratibu wake ni Taasisi ya Max Planck ya Fizikia ya Plazima, iliyoko Garching, Ujerumani. Wanaotia saini ni taasisi kuu za kila nchi, kwa mfano CEA ya Ufaransa, ENEA ya Italia na CIEMAT ya Hispania. Vyuo vikuu vingi huingia nyuma ya taasisi ya nchi yao, kama washirika walioambatanishwa. Fedha, bima na ripoti hupitia kwa taasisi hiyo. Profesa anayeandika moja kwa moja kwa ofisi ya Garching akiomba ruzuku kwa kawaida huelekezwa arudi kwa taasisi kuu ya nchini kwake, na hapo huwa ameshapoteza miezi.

Kila mashine ina kazi inayoimudu. TCV ya Lausanne hubadilisha umbo la plazima kuliko nyingine yoyote. ASDEX Upgrade ya Garching ina kuta za tangsteni na vifaa vingi vya vipimo. WEST iliyoko Cadarache, Ufaransa, ni ya mipigo mirefu (mpigo ni kuwashwa kwa plazima mara moja). Tarehe 12 Februari 2025 ilishikilia plazima kwa sekunde 1,337. MAST Upgrade ya Culham hujaribu njia mpya ya kutolea joto chini ya chombo. Wendelstein 7-X ya Greifswald ni stelareta yenye koili 70 zinazofanya kazi kwa ubaridi mkali, 50 kati ya hizo zikiwa zimepindwa kwa umbo la ajabu ambalo kompyuta ndiyo iliyolikokotoa.

ITER nayo imegawanywaje?

Ina wanachama saba: Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Marekani na Urusi. Mkataba ulitiwa saini Paris tarehe 21 Novemba 2006. Ulaya, ambayo ndiyo mwenyeji, hubeba asilimia 45.46 ya ujenzi, na wengine sita asilimia 9.09 kila mmoja. Sehemu kubwa hailipwi kwa fedha bali kwa vipande: mwanachama hutengeneza koili, bomba au kipimo nchini kwake, kisha hukisafirisha mpaka Saint-Paul-lez-Durance, kusini mwa Ufaransa. Koili kubwa 18 zinazozunguka chombo, pamoja na moja ya akiba, ziligawanywa kati ya Ulaya (10) na Japani (9). Sekta tisa za chombo cha ombwe zimegawanywa kati ya Korea (nne) na Ulaya (tano). Sumaku ya katikati imetoka Marekani.

Mantiki ya mgawanyo huu ni kwamba kila mwanachama anataka viwanda vyake vijifunze. Kihandisi, ni njia ngumu zaidi ya kujenga kitu chochote.

Kwa nini ni ngumu? Nini hasa huharibika?

Huharibikia kwenye maungio, yaani pale kazi ya mmoja inapokutana na ya mwingine. Mifano mitatu:

Wa kwanza ni sekta za chombo cha ombwe cha ITER. Kila moja ina uzito wa takriban tani 440. Kingo zake zilipopimwa Ufaransa, zilikutwa zimepotoka kuliko michoro inavyoruhusu. Tatizo ni kwamba sekta huunganishwa kwa roboti za kuchomelea, na roboti huhitaji mwanya wa unene unaolingana kutoka juu hadi chini. Ukingo ukipotoka kwa milimita chache tu, roboti hushindwa. Ikabidi kingo zijazwe chuma pahali, zikatwe pahali pengine, kisha zipimwe upya. Sekta ya kwanza ilikuwa imeshashushwa kwenye shimo la mashine mwaka 2022. Ikatolewa mwaka 2023.

Wa pili ni ngao za joto za mashine hiyo hiyo. Ni mabamba yaliyopakwa fedha, yenye mabomba ya kupitishia heliamu baridi. Mwaka 2022 ilitangazwa kuwa baadhi ya mabomba yana nyufa. Chanzo kilikuwa mabaki ya klorini yaliyonasa kwenye vijinafasi kando ya sehemu zilizochomelewa: klorini ikikutana na chuma cha pua chenye mkazo wa ndani, hula taratibu mpaka kipasuke. Matibabu yalikuwa kung'oa mabomba yote na kuweka mapya.

Wa tatu ni JT-60SA ya Naka, Japani, iliyojengwa kwa pamoja na Ulaya. Mgawanyo wake unafaa kusomwa na yeyote anayepanga mradi wa pamoja: koili kubwa zilitoka Italia na Ufaransa na kupimwa zikiwa baridi huko Saclay, Ufaransa, kabla ya kusafirishwa, kasha la nje lilitoka Hispania, viunganishi vya kuingizia umeme kwenye sumaku vilitoka KIT, taasisi ya teknolojia ya Karlsruhe, Ujerumani, Japani ikatengeneza chombo na sumaku nyingine, na kuunganisha. Machi 2021, wakati wa kujaribu koili moja, kihami cha umeme kwenye kiungio kilishindwa, cheche ikaruka, na heliamu ikavuja ndani ya kasha. Wahandisi wa umeme wataitambua kanuni ya Paschen hapa: gesi ya msongamano mdogo hupitisha cheche kwa volti ndogo kuliko hewa ya kawaida au ombwe safi. Kihami kinachofaulu mtihani hewani kinaweza kufeli ndani ya ombwe lililochafuka. Baada ya hapo viungio vingi viliimarishwa na kupimwa kwa masharti ya Paschen. Plazima ya kwanza ilipatikana Oktoba 2023.

Ukiandika mkataba wa kutengeneza kipande, basi, usiishie kwenye vipimo vya kipande chenyewe. Andika kitapimwa na nani, kwa kifaa gani, kikiwa na joto gani, na kitapimwa tena baada ya kusafirishwa au la.

Chuo kikuu kinachangia nini ambacho maabara kubwa haina?

Watu kwanza: tasnifu nyingi za uzamivu huandikwa na wanafunzi waliosajiliwa chuoni lakini wanaoishi karibu na mashine. Pili, vifaa vya vipimo. Kamera, spektromita au kipimo cha mawimbi kinaweza kubuniwa na kikundi cha watu watano, kikasawazishwa chuoni, kikafungwa kwenye dirisha moja la mashine ya nchi nyingine. Maabara za Marekani ziliingia Wendelstein 7-X kwa njia hiyo, zikileta koili tano za kusahihisha uga pamoja na spektromita ya eksirei.

Chuo kinaweza pia kuwa mmiliki. Consorzio RFX ya Padova inamilikiwa kwa pamoja na Chuo Kikuu cha Padova, taasisi za taifa za utafiti na kampuni ya chuma. Hapo ndipo panapojaribiwa mashine za kupasha plazima ya ITER kwa mihimili ya chembe: SPIDER, iliyoanza mwaka 2018, na MITICA, inayolenga volti milioni moja.

Mtafiti anapataje muda kwenye mashine asiyoimiliki?

Kwa mwito wa mapendekezo. Pendekezo zuri ni fupi na hutaja swali moja, mashine, mkondo wa plazima, nguvu ya uga, aina na kiasi cha upashaji joto, idadi ya mipigo, na vifaa vya vipimo, vikigawanywa mafungu mawili: visipokuwepo jaribio lifutwe, na visipokuwepo tuendelee. Mgawanyo huo ndio wengi husahau. Siku ya jaribio kipimo kimoja huwa kimekufa, na kiongozi wa zamu anahitaji kuamua ndani ya dakika chache.

Viongozi wa vikosi kazi huunganisha mapendekezo yanayofanana. Usishangae ukikuta lako limekuwa nusu ya jaribio la mtu mwingine; ni afadhali kuliko kukataliwa. Mipigo mingine hupotea kwa sababu plazima huvunjika ghafla au kuta hazijasafishwa vya kutosha, kwa hiyo panga mapema ni mpigo upi utafanywa kwanza endapo utapewa mmoja tu.

Data hushirikishwaje, na makosa gani hujirudia?

Mashine nyingi huhifadhi data kwa mfumo wa MDSplus au mifumo yao wenyewe. ITER imeleta IMAS, muundo mmoja ambao kila kipimo kina jina na kizio kilekile bila kujali mashine. Kabla ya kuhamia huko, au hata ukishahamia, angalia haya:

Alama na mwelekeo. Mkondo "chanya" kwenye mashine moja huzunguka kinyume na "chanya" ya nyingine. Mwaka 2013 ulichapishwa utaratibu unaoitwa COCOS, wenye mipangilio 16 iliyopewa namba, na ITER ikaanza na namba 11. Kila faili la msawazo wa plazima liwe na namba yake.

Mtiririko wa sumaku. Programu nyingine huutoa kwa weba, nyingine kwa weba kwa radiani. Tofauti ni 2π, yaani mara 6.28. Grafu itaonekana safi kabisa na matokeo yatakuwa ya uongo.

Saa. Kifaa kilichofungwa na chuo mgeni mara nyingi kina saa yake. Kikichelewa milisekunde mbili, utadhani athari imetangulia chanzo.

Toleo. Ishara iliyochakatwa hurekebishwa miaka baadaye. Andika namba ya mpigo, toleo la ishara na tarehe uliyoipakua. Bila hivyo hakuna atakayerudia hesabu yako, hata wewe mwenyewe.

Nani anamiliki ugunduzi?

Mikataba hutenganisha miliki bunifu uliyokuja nayo na ile iliyozaliwa ndani ya mradi. Ya kwanza hubaki yako, na masharti ya wengine kuitumia huandikwa mwanzoni. Ya pili hushirikiwa. Kwa ITER, anayechangia asilimia 9 hupata ujuzi uliozalishwa na mradi mzima, na ndiyo sababu wanachama hawajaondoka licha ya ucheleweshaji.

Uingereza ilijitoa?

Ndiyo, katika ITER. Ilitoka Euratom, jumuiya ya Ulaya ya nishati ya atomu, pamoja na Umoja wa Ulaya, na Septemba 2023 ikaamua kutorudi bali kuendesha mpango wake. Kazi ya pamoja ya kisayansi na maabara za bara haijakatika.

Tulisoma kwamba tayari wamepata nishati zaidi ya waliyoweka. Ni kweli?

Inategemea unahesabu kuanzia wapi. Tarehe 5 Desemba 2022 maabara ya NIF, California, ilipiga kidonge cha mafuta kwa leza yenye megajuli 2.05, zikatoka 3.15. Lakini leza zenyewe zilivuta takriban megajuli 300 kutoka gridi. Hiyo ni njia ya leza, si ya sumaku.

Kwa sumaku, JET, tokamaki ya pamoja ya Ulaya iliyokuwa Culham, ilifikia megawati 16 mwaka 1997, ikiwa imepewa 24. Katika majaribio yake ya mwisho ya tritiamu mwaka 2023 ilitoa megajuli 69 kwa miligramu 0.2 tu za mafuta. Hiyo ni rekodi ya jumla ya nishati, si ya faida. ITER inalenga megawati 500 kutoka 50 za upashaji joto, na haitazalisha umeme. Ratiba iliyotolewa mwaka 2024 inaweka mwanzo wa utafiti mwaka 2034 na matumizi ya deuteriamu na tritiamu mwaka 2039.

Tritiamu itatoka wapi?

Hilo ni tatizo halisi. Nusu yake huoza kila baada ya miaka 12.3, na mtambo wa gigawati moja ya nguvu ya muunganiko ungechoma takriban kilo 56 kwa mwaka, zaidi ya akiba yote ya kiraia iliyopo duniani. Mtambo utalazimika kuizalisha wenyewe kwa kupiga lithiamu kwa nyutroni. Hakuna mashine iliyofanya hivyo bado kwa kiwango kinachotosha.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki aanzie wapi?

Hakuna nchi ya ukanda wetu iliyo mwanachama wa ITER. Lakini Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote ni wanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA), na mlango huo unatumika kidogo kuliko unavyoweza. Shirika hilo hutoa ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie kwa wanawake wanaosoma uzamili katika masomo ya nyuklia: hadi euro 10,000 za ada na hadi 10,000 za kujikimu kwa mwaka. Kituo cha ICTP cha Trieste huandaa na IAEA mafunzo ya fizikia ya plazima, na husaidia nauli kwa baadhi ya washiriki kutoka nchi zinazoendelea. Vyuo kadhaa vya Ulaya pia vina shahada ya pamoja ya uzamili, FUSION-EP, ya miaka miwili.

Kabla ya kuomba, hakikisha umesoma sumakuumeme ya mwaka wa tatu na unaweza kuandika programu ya kusoma faili la data na kuchora grafu. Wahandisi wa ombwe, ubaridi mkali, uchomeleaji na umeme wa nguvu wanahitajika kama wanafizikia, pengine zaidi, ila hawajui kwamba wanahitajika.

Chuo kisicho na mashine kinaweza kufanya nini mwaka huu?

Kuendesha tokamaki ya wengine. GOLEM, katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Czech jijini Prague, ilitengenezwa Moscow miaka ya 1960 na leo huendeshwa kwa intaneti na wanafunzi wa nchi nyingi. Ni ndogo: kipenyo kikuu chake ni sentimita 80, na plazima hudumu milisekunde chache, kumi na kitu ikienda vizuri. Kwa mpangilio na wenyeji, darasa hupewa kipindi. Wanafunzi huchagua volti ya kapasita za uga, volti ya kapasita za mkondo na shinikizo la gesi, kisha matokeo hutokea kwenye tovuti yakiwa na data ya kupakua. Gesi ikizidi, plazima haiwaki au hupoa mara moja. Ikipungua mno, elektroni hazipati za kugongana nazo. Kutafuta eneo la katikati ni somo la mchana mzima. Mahitaji ni kompyuta, intaneti ya kawaida na projekta.

Tukitaka kuwa na mashine yetu?

Tafuta michoro ya mashine ya UNU/ICTP, iliyobuniwa Malaysia miaka ya 1980 mahsusi kwa vyuo vya Asia na Afrika. Si tokamaki bali kifaa kidogo cha kubana plazima kwa mpigo wa umeme: hutumia kapasita moja ya mikrofaradi 30 kwa volti 15,000, sawa na kilojuli 3.4, na kwa deuteriamu ya milibari chache hutoa takriban nyutroni milioni 100 kwa mpigo. Kwa hiyo zungumza na mdhibiti wa mionzi kabla ya kununua chochote. Tanzania ni TAEC, Kenya ni KNRA. Hatari kubwa ya kila siku, hata hivyo, ni kapasita. Baada ya kila mpigo iguswe kwanza kwa fimbo yenye mpini wa plastiki iliyofungwa waya wa ardhi, na waya huo ubaki umefungwa muda wote mtu anapofanya kazi, kwa sababu kapasita iliyomwagwa na kuachwa wazi hurudisha chaji yenyewe baada ya dakika chache.